Kuionea Wivu Saa ya Kimya

Mke wangu husoma matangazo redioni. Vyeti vya shule vilivyopotea, mbuzi aliyeokotwa karibu na soko, mikutano ya wazazi, misiba. Misiba huisoma polepole, kama mtu anayemlaza mtoto kitandani akiogopa kumwamsha, na nimeona watu wasiomjua marehemu wakiacha tonge hewani mpaka amalize. Uvira nzima inaijua sauti hiyo. Dereva wa pikipiki akiisikia nyuma yake hugeuza kichwa: "Ah, Mama wa redio!" Kisha hupunguza mwendo kwenye mashimo.

Lakini kabla mji haujaamka, sauti hiyo ilikuwa yangu peke yangu. Tangu tulipohamia mtaa wa Kilibula, kila alfajiri tulikaa barazani nyuma ya nyumba, mbabula, jiko la makaa, katikati yetu, chai juu yake, na yeye alinisomea kwa sauti kurasa nilizoandika jana yake. Kutoka pale, katikati ya mapaa mawili ya mabati, huonekana kipande cha ziwa kisichozidi upana wa mlango. Giza lilipungua juu ya kipande hicho huku yeye akisoma. Sentensi ikiwa ya uongo, alisita. Mhusika akimdanganya mkewe, aliinua macho akanitazama mimi, siyo karatasi. "Huyu umemutoa wapi?" Nami nilijitetea, nikaapa, nikacheka, na moyoni nilijua riwaya inakwenda vizuri. Marafiki zangu waandishi, tunaokutana Jumamosi kusomeana na kubishana, walinisifu kwamba sentensi zangu zina pumzi. Sikuwaambia ni pumzi ya nani.

Halafu mgongo wake ukaharibu kila kitu.

Alikuwa amekwenda Luvungi kurekodi sauti za wakulima. Wakati wa kurudi, pikipiki iliteleza kwenye matope, ikamlalia. Hakuvunjika, lakini maumivu yalimkaa kiunoni kama mpangaji asiyetaka kuhama. Dawa zilimlevya tu. Mwenzake wa kazi akampeleka kwa kine, mtaalamu wa kunyoosha viungo, aliyesomea India na kurudi na ufundi wa huko. Mimi nilikuwa katikati ya sura ngumu. Sikumsindikiza.

Alirudi na mkeka wa plastiki kwapani. Mwanzoni yalikuwa mazoezi ya mgongo tu: kujikunja kama paka, kunyanyuka, kulala chali na kuacha mikono. Baadaye yakaja mafunzo ya pumzi. Kisha, alfajiri moja, nilipotoka na kurasa zangu na kijiko cha sukari, nilimkuta ameketi juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho amefumba, uso kuelekea kile kipande cha ziwa. Mbabula haikuwa imewashwa.

"Unafanya nini?" nikauliza.

Hakujibu mpaka mwanga ulipofika kwenye magoti yake. "Minakaa," akasema.

"Na mimi? Hapa nimesimama?"

"Weye unakaaka na kitu. Minye minakaa bila kitu."

"Na kurasa?"

"Magaribi, nikitoka kazini. Hii saa nimeipenda, mupenzi wangu. Inanipunguzia maumivu."

Ningesema nini? Mtu hawezi kugombana na mgongo. Lakini jioni alirudi akiwa amekwisha kuigawa sauti yake kwa mji mzima, na iliyobaki ilikuwa kama ugali wa chini ya sufuria. Alisoma nusu ukurasa, akapiga miayo, akaniomba msamaha. Saa yangu ilikuwa imechukuliwa.

Wivu nilidhani ninaujua. Nimeuandika sana: wanaume wanaonusa mashati, wanawake wanaofuata nyayo kwenye mchanga. Wivu wa vitabuni una mtu wa kumchukia, una jina na viatu mlangoni. Wa kwangu haukuwa na mtu. Nilijificha nyuma ya pazia la jikoni nikautazama mgongo wa mke wangu ukinyooka, mabega yakishuka taratibu, na upande wa uso wake ukilainika, ukawa uso ambao sikuwahi kumpa mimi. Siku ya harusi yetu sikuuona. Siku hadithi yangu ya kwanza ilipochapishwa sikuuona. Na sasa alikuwa akiutoa bure, kwa hewa, kwa ukuta wa jirani, kwa jogoo.

Nikaanza vituko. Niliangusha kifuniko cha sufuria. Nilikohoa. Nilipepea mbabula mpaka moshi ukamwendea puani. Alikohoa mara moja kwa adabu, akaendelea.

Basi nikaamua kwamba lazima kuna mtu. Ni kine. Mke wangu hakuwahi kuniambia kine ni nani, nami sikuuliza kwa kuogopa jibu. Kichwani mwangu alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mikono mikavu na sauti ya chini, aliyezoea kugusa migongo ya wake za watu na kuwaambia wapumue. Kila mke wangu aliposema "kine anasemaka", nilimwongezea kitu: mara ndevu, mara saa ya dhahabu. Asubuhi moja nilivaa shati langu la mikutano ya waandishi nikaenda.

Chumba kiko nyuma ya duka la dawa, kando ya barabara kubwa. Nilimkuta mama mnene, mkubwa kwa umri kuliko mama yangu mzazi, amevaa ndala, anakula karanga. Maganda yalikuwa yamejaa mapajani mwake.

"Niko namutafuta kine," nikasema.

"Umemupata. Weye ni bwana wa Mama wa redio, eh? Minakuona kwa kiburi ya hilo shati." Akapangusa mikono. "Mugongo?"

"Haiko mugongo."

"Mabega, basi. Iko karibu kuingia mu masikio. Kaa."

Sijui kama msomaji atanielewa nikisema nilivunjika moyo. Nilitaka adui. Ningeweza kumshinda mwanamume mwenye saa ya dhahabu, au angalau kumweka kwenye riwaya na kumuua sura ya mwisho. Mama huyu ningemfanya nini? Alinikamua shingo kama anakamua nguo, huku akinieleza, kwa kuwa nilimwuliza kwa ukali, ni kitu gani hicho anachomfundisha mke wangu.

Wazee wa yoga, akasema, wanafundisha kwamba akili ni kama maji. Upepo ukilala, maji yanatulia, unaona chini.

"Mama, ziwa letu hata upepo ukilala chini hauoni," nikamwambia.

Akacheka mpaka mikono ikaacha shingo yangu. "Hiyo ni kweli! Wale wazee hawakufikaka Uvira." Akafikiri kidogo, mdomoni karanga. "Sasa acha nikuambie kwa mambo ya hapa. Ukikaa ku mulango yako, watu wanapitaka. Unawasalimia?"

"Ninawasalimia."

"Unawasindikiza wote mupaka kwao?"

"Nitawezaje?"

"Njo hivyo. Wazo likipita, salimia. Usisindikize. Kila siku, saa ile ile. Haiko kingine."

Nilirudi nyumbani nimejaa maneno hayo, na, niseme kweli, nimejaa hila. Ikiwa mke wangu hatatoka kwenye kimya, nitamfuata humo humo. Nikanunua mkeka.

Alfajiri iliyofuata tuliketi bega kwa bega. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilikuwa zimekwisha kufika ufukweni. Harufu yake ilipanda mpaka Kilibula pamoja na nyimbo za kundi la maombi la jirani. Nikafumba macho. Wivu ukapita mlangoni kwangu. Nikausalimia. Kisha nikauchukulia mzigo, nikausindikiza mpaka kona, mpaka sokoni, mpaka mpakani, nikavuka nao daraja la Ruzizi hadi Bujumbura, tukanywa chai huko, tukarudi. Nilipofumbua macho, mke wangu alikuwa akikunja mkeka wake, uso umeoshwa na kitu kisicho maji.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimekuona weye."

"Na macho ulifunga!"

"Hata hivyo."

Alicheka, akanigusa kichwa kama unavyomgusa mtoto aliyejitahidi. Hilo lilinichoma kuliko vyote. Hata katika kukaa bila kufanya chochote, alikuwa amenishinda.

Niliendelea kwa ukaidi. Nikubali kwamba kulikuwa na faida: taya langu lilipungua kuuma, na kuna asubuhi chache nilizosikia pumzi ikiingia na kutoka bila mimi kuisimamia. Lakini mara tu nilipogundua kwamba nimetulia, nilimchungulia kwa jicho moja kuona kama ameona.

Hapo ndipo mama yangu aliposhuka kutoka Rurambo, kule milimani, na siagi imefungwa kwenye majani. Kwao watu huamkia ng'ombe, na mama yangu hajawahi kukutwa kitandani na mwanga. Alfajiri ya kwanza alitoka sebuleni, akamkuta muka-mwana wake kwenye mkeka. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshindwa kuamka. Nilimsikia kutoka ndani.

"Umeamuka, mutoto wangu?"

Kimya.

"Mutoto wangu, umelalaje?"

Kimya.

Akapandisha sauti ile ya milimani, inayoitia watu toka kilima cha pili. "Mutoto wanguuu, umelalaje?"

"Nimelala vizuri, mama, aksanti!" akajibu jirani ng'ambo ya ua.

Mke wangu alipomaliza, alimwendea mama, akainama, akamsalimia kwa mikono miwili, akamwambia kweli tupu: hakusikia. Haikusaidia. Kwao mtu haachi kusikia salamu ya mama mkwe. Anaweza kuikataa tu. Na mwanamke akiikataa, haulizwi yeye sababu, anaulizwa mume. Mama yangu alininong'oneza jikoni, amenishika sikio kama nina miaka saba: "Umemufanya nini mutoto wa wenyewe?"

"Sijamufanya kitu, Mama."

"Mwanamuke hanyamazi vile bure. Sema, nikuombee musamaha mapema."

Jumapili, baada ya misa, kikao kilikaa sebuleni kwetu. Alikuja mjomba wangu, upande wangu, na shangazi wa mke wangu, upande wake, amevaa kitenge kipya kama anayeitikia posa. Tulikula ugali na ndagala kwanza, kwa kuwa hakuna anayehukumu na njaa. Kisha mjomba akajifuta mdomo.

"Kijana. Ni mwanamuke wa wapi?"

"Hakuna mwanamuke, mjomba."

"Hata mumoja?"

"Hata mmoja."

Mjomba alinitazama kwa masikitiko. "Na hivi vitabu vyako, unaandikaka nini sasa?"

Nilipaswa kuona aibu. Badala yake nilikaa pale nikiona raha. Watu wazima watatu walikuwa wakishughulika na kimya cha mke wangu, na wote waliamini kwamba kinanihusu mimi. Kwa muda ule nilikuwa chanzo chake. Nilikaribia kujitungia kosa, dogo tu, ili kisiwe kimya cha bure.

Shangazi akamgeukia mke wangu, mtoto wa kaka yake. "Mama, toa yote. Niko hapa. Anakupiga?"

"Hapana, shangazi."

"Anakunywaka?"

"Chai tu."

"Sasa kwa nini kila asubuhi uko unamupa mugongo?"

"Simupi mugongo. Minatazama ziwa. Ile saa ni yangu, shangazi. Mchana wote niko natoa sauti kwa watu. Ile saa minapokea."

"Unapokea nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Haiko kitu," akasema. "Njo uzuri wake."

Mama yangu akapiga makofi mara moja, makofi ya mshangao. "Bwana yupo, nyumba ipo, na yeye anapokea haiko kitu!"

Mjomba akaniuliza mimi ninataka nini. Nafasi ilikuwa wazi mbele yangu, na wote wananitazama, na mke wangu naye ananitazama, kwa utulivu ule ule. Nikasema: "Ninataka saa yangu. Anisomee kama zamani."

Wakakubaliana haraka, maana hatimaye palikuwa na kitu cha kukubaliana. Mume arudishiwe saa yake. Mama mkwe ajibiwe salamu yake. Shangazi alisema mkeka utafaa kwa kuanikia mihogo. Mke wangu aliinamisha kichwa. "Sawa," akasema, na hakuninunia, hakulia, hakuniangalia vibaya hata pale wageni walipokwisha kuondoka. Niliungoja ugomvi mchana kutwa. Haukuja.

Alfajiri mbabula ikawaka. Chai, sukari, viti viwili. Akachukua kurasa, akasoma.

Nilikuwa nimeisubiri sauti ile kwa hamu ya mtu mwenye kiu, na ilikuja safi, haina doa. Alisoma kila neno. Hakusita popote. Mwanamume wangu wa kwenye riwaya alimdanganya mkewe, akauza shamba la baba yake, akaapa uongo kanisani, na sauti ilipita juu ya yote kwa huruma moja, iliyo sawa, kama anavyosoma msiba wa tajiri na wa maskini.

"Unamuona je huyu mwanaume?" nikamwuliza.

"Ni muntu. Anateseka."

"Humuchukii?"

"Nimuchukie kwa nini?"

Akaendelea. Nami nikaanza kuona vitu vingine. Aliketi upande. Mkono wake wa kushoto, bila yeye kujua, ulikuwa nyuma ya kiuno, unakikanda. Mabega yalikuwa yamepanda. Alfajiri ya pili mkono ulikuwa pale tena, na ya tatu, na kila alipogeuza ukurasa alivuta hewa kwa meno. Macho yake hayakwenda kwenye kile kipande cha ziwa hata mara moja. Alikuwa ameamua kuyazuia, kwa heshima ya kikao. Nilikuwa nimerudishiwa saa. Nilikuwa na mke, na kurasa, na sauti. Na wivu ulikuwa pale pale kitini, umekunja miguu, haujapungua hata kidogo, maana kile nilichokionea wivu hakikuwahi kuwa saa. Nilitaka anipende kwa upendeleo, zaidi ya jogoo, zaidi ya ukuta, na utulivu wake hauna upendeleo. Kikao hakiwezi kuuamuru. Mimi pia siwezi.

Alikuwa katikati ya sentensi nilipomnyang'anya karatasi.

"Kuna kosa?" akauliza.

"Hakuna. Nenda ukae."

"Na Mama?"

"Mama nitamusalimia mimi, mara mbili. Moja yako."

"Unakasirika?"

"Ninaona wivu," nikasema. Sikuwahi kumtamkia neno hilo waziwazi. "Ninaona wivu sana. Lakini nenda."

Hakunibembeleza. Alikwenda jikoni, akautoa mkeka uliokuwa chini ya mihogo, akaukung'uta unga, akaketi. Niliona mkono ukishuka kutoka kiunoni. Nikachukua kurasa nikatoka kabla sijaanza kumchungulia.

Nilishuka mpaka ufukweni bila kujua ninakwenda kufanya nini. Jua lilikuwa linachomoza upande wa Burundi, na wanawake walikuwa wakizitandaza ndagala mchangani, wameinama, wakizigeuza kwa vidole ili zisishikane. Nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikajaribu kusoma kwa sauti ya chini, ya kwangu mwenyewe. Ilikuwa mbovu. Ilikwama, ikakohoa, ikaruka mstari. Kwa mara ya kwanza nilisikia ni mahali gani hasa nimeandika vibaya, kwa kuwa palinikwama kooni.

"We, Papa!" akaita mmoja wao, mwenye kilemba cha njano. "Unaombea nani pale?"

"Siombi. Ninasoma."

"Soma kwa nguvu basi. Siye tuko na masikio ya bure hapa."

Nikasoma kwa nguvu. Hawakuacha kazi. Nilipofika mahali mwanamume anapouza shamba, yule wa kilemba alisonya. "Mujinga wa wapi huyu!" Mwingine akasema anamfahamu, anakaa karibu na kwao, na wote wakacheka. Nikageuza ukurasa, nikageuza mwingine, na nilikuwa nimekwisha kufika mbali nilipotambua kwamba kwa kitambo chote hicho sikuwa nimemfikiria mke wangu kwenye mkeka wake. Mara tu nilipotambua, wivu ulirudi. Nikanyamaza.

"Umemaliza?" akauliza wa kilemba.

"Bado."

"Nani alikuwa anakusomeaka mbele ya leo? Maana weye hujazoea, sauti inakupiga."

"Bibi yangu."

"Na leo?"

"Leo anakaa kimya. Ile saa ni yake."

Alinyoosha mgongo, akaweka mkono juu ya macho, akatazama jua limefika wapi, kisha akatazama ndagala zake, zilizokuwa bado zinang'aa kwa maji.

"Basi soma weye," akasema. "Hizi hazijakauka."